Nilivishwa

Gari la mradi liliahidi kufika saa mbili, likafika saa tano kasorobo. Mafundi walikuwa wameshafagia maranda mara mbili, na upepo wa ziwani ulikuwa umeshayarudisha mara mbili. Karakana ya Nassibu iko Mwisenge, mjini Musoma, nyuma ya maduka, banda la mabati lenye mashine nne na nyaya zinazoning'inia. Siku hiyo kila mtu alikuwa amevaa shati safi, kwa sababu madawati mia tatu waliyokuwa wanayatengeneza ni ya Mradi wa Keti Vizuri, ya kupelekwa shule za vijijini huko njia ya Butiama, na pesa ya awamu ya pili ilikuwa inangoja wageni hawa wapige picha.

Akashuka Bwana Florian, Afisa Usalama wa mradi. Buti zake za chuma zilikuwa mpya kabisa, moja bado ina karatasi ya bei kwenye kisigino. Nyuma yake akashuka mpiga picha, na dereva mwenye boksi.

"Hii nani anaitumia?" Florian akauliza, amesimama mbele ya msumeno wa pembe, ule unaoshushwa kwa mpini kama pampu ya kisima, ukakata ubao kwa engo unayotaka.

"Fundi Hezron huyu," Nassibu akasema. "Ndiye mwenye mkono hapa."

Hezron Magoti alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, kama kawaida yake. Pete ya ndoa alikuwa ameivua na kuitundika kwenye msumari, kama kawaida yake. Miaka kumi na miwili alikuwa na mashine hiyo na haijamkwaruza. Mkono wa kushoto haukusogelea meno zaidi ya shubiri moja. Akishakata, alingoja meno yasimame kabisa ndipo ainue mpini. Akitaka kubadilisha bledi, alichomoa plagi na kuitia mfukoni mwa suruali, waya unaburuta nyuma, na wenzake wakawa wanacheka, "Fundi kaota mkia." Aliwaacha wacheke.

"Glavu zako ziko wapi?" Florian akauliza.

"Kwenye hii hatuvaagi, bosi."

"Hamvai au hamna?"

"Zipo, za kubebea mbao, zile pale. Kwenye meno yanayozunguka hatuvaagi. Jino likigusa ngozi linakata ngozi, unashtuka, unatoa mkono. Likigusa glavu linaikamata, linaivuta. Inaenda na mkono uliomo."

Florian akamtazama mpiga picha, wakatabasamu wote wawili.

"Mzee, usalama umesomea wapi?"

"Hapahapa."

"Hapahapa!" Dereva naye akacheka. "Sasa mimi nimesomea, mzee wangu. Nina cheti. Na orodha yangu hii ina mstari mmoja: mikono imekingwa, ndiyo au hapana. Haijasema mashine hii ndiyo, mashine ile hapana. Bila glavu hakuna picha. Bila picha ripoti haifungwi. Nirudi ofisini Bunda?"

Nassibu akamshika Hezron bega, akampeleka nyuma ya rundo la mbao.

"Mura, vaa."

Nassibu hakuwa Mkurya wala Mzanaki. Babu yake alikuja Musoma na cherehani. Neno hilo la "mura", la kumwita kijana wa kwao, alilitoaga akiwa na shida tu.

"Bosi, si wewe ulinifundisha? Ulinipiga kofi siku ile nilipovaa sweta."

"Nilikupiga. Leo nakuomba."

"Basi nivae mashine ikiwa imezimwa."

"Nitamwambia."

Na kweli alimwambia. Glavu zilitoka kwenye boksi, za njano, ngumu, za watu wa kuchomelea vyuma, ncha zake zinapita vidole kwa nusu inchi. Boniphace, fundi wa randa, alimvisha ya kulia. Ya kushoto Florian alimvisha mwenyewe, akakaza mkanda wake kwenye kifundo, akaipigapiga kama anayemvisha mtoto kofia. Wakapiga picha mbili, mashine imelala.

Mpiga picha akaangalia kamera yake. "Picha imekufa hii. Nataka maranda yaruke."

"Kata ubao mmoja," Florian akasema.

Hezron akamtazama Nassibu. Nassibu alikuwa anaangalia chini, kana kwamba ameangusha kitu.

"Mmoja tu, Fundi," akasema hukohuko chini.

Ubao ulikuwa wa paini, mlaini. Hezron aliushika, akatafuta shubiri yake kwa kidole na hakuipata, kwa sababu kidole chake kilikuwa hakisikii tena kilipoishia. Akashusha mpini. Jino likaikamata ncha ya njano, na msumeno haukubadilisha hata mlio.

Florian alipiga kelele, "Zima! Zima!" wakati Hezron alikuwa ameshauachia mpini mwenyewe, na meno yalikuwa yanamalizia mzunguko wa mwisho.

*

Nyangi, mkewe, alifika hospitali na magamba ya samaki mikononi. Alikuwa anaparua sato kwenye meza yake pale mtaani, bodaboda akaja kumwita kwa jina la mtoto: "Mama Dorah, panda!" Hakuuliza nauli.

Muuguzi alimkuta mlangoni, akampa karatasi. "Mama, vitu hivi hatuna kwa sasa. Duka liko ng'ambo hapo. Fanya haraka, daktari anasubiri."

Nyangi alisoma polepole. Bandeji. Uzi wa kushonea. Sindano ya pepopunda. Glavu, pea tatu.

"Glavu?"

"Za daktari, mama."

Nyangi akacheka. Alicheka mpaka watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka, na mama mmoja akasogeza mtoto wake. Muuguzi akaangalia pembeni. Wizara ina majengo mapya yenye vigae, ina mabango ya wakubwa wakikata utepe, halafu mgonjwa anatumwa dukani kununua glavu za daktari wake. Nyangi alifuta mikono kwenye kanga akavuka barabara.

Vilienda vidole vitatu vya kushoto, vya katikati vyote. Kilibaki gumba, kikabaki na cha mwisho. Jioni Nassibu alikuja na pete imefungwa kwenye kipande cha risiti.

"Ilikuwa kwenye msumari," akasema.

Nyangi aliipokea. Akaangalia kitanda, akaangalia lile furushi jeupe la bandeji, akakosa pa kuiweka. Akaivaa yeye kwenye gumba.

"Mashine imefungwa?" Hezron akauliza.

"Karakana yote imefungwa," Nassibu akasema. "Wametia kufuli lao. Mpaka ripoti iishe."

"Waambie walichofanya."

Nassibu akatoa leso, akajifuta shingo. "Nitasema nilichokiona."

"Uliona nini?"

"Fundi, pale mwishoni mimi nilikuwa naangalia chini."

*

Wiki ya tatu Florian alikuja nyumbani kwao. Wana vyumba viwili vya kupanga, na kiti kimoja chenye mto, ambacho alikikalia bila kuambiwa. Alileta kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Akatoa fomu.

"Nakusomea, wewe unajibu tu. Ni kitu cha dakika tano. 'Je, wakati wa ajali mfanyakazi alivaa vifaa vya kinga?' Hapa kuna visanduku viwili. Ndiyo. Hapana."

Kwenye Hapana palikuwa na alama ndogo tayari, ya penseli.

"Nilivishwa," Hezron akasema.

"Ndiyo au hapana?"

"Nimekwambia. Nilivishwa. Ya kushoto ulinivisha wewe."

Florian akacheka kwa pua. "Mzee wangu, hilo neno fomu haina."

"Liandike pembeni."

"Pembeni hapaandikwi. Hii inaingizwa kwenye mfumo. Mfumo hausomi pembeni."

"Basi weka Ndiyo."

"Nikiweka Ndiyo, mfumo unauliza: alikuwa na kinga, ameumiaje? Jibu linakuwa uzembe. Mashine aliitumia vibaya. Nakusaidia mimi hapa. Nikiweka Hapana, ni bahati mbaya tu, ulisahau. Kila mtu anasahau."

Nyangi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wa ugali. "Na bima?"

"Bima gani, mama?"

"Nassibu alisema mradi una bima. Mtu akiumia kwa amri ya mradi analipwa."

Florian akafungafunga kalamu yake. "Kwa amri, ndiyo. Amri iko wapi?"

"Kwenye picha. Si mlipiga picha?"

"Kadi ya kamera iliharibika."

"Na glavu?"

"Mama, ile ilikatwa hospitali. Imetupwa."

"Kwa hiyo kilichobaki ni mkono wake tu," Nyangi akasema, "na huo hauna kisanduku."

Hezron hakusaini. Florian alikunja fomu taratibu, hakuonyesha hasira. Wenye magari huwa hawana haraka. Alipokuwa anatoka aliinama akakwangua kisigino cha buti, kile kikaratasi cha bei kikabaki sakafuni kwao.

*

Nyangi alienda Bunda mwenyewe, kwenye ofisi ya mradi. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Kwenye meza ya mapokezi dada mmoja alimuuliza ana miadi na nani.

"Na mkubwa wenu."

"Mkubwa yupi?"

"Yeyote anayejua kuandika neno pembeni."

Dada akamwambia akae. Akakaa tangu saa tatu asubuhi. Watu walitoka na chupa za maji, wakaingia na chupa za maji. Saa sita wote wakaenda kula. Saa nane na nusu akaitwa kwa bwana mmoja mwenye miwani ambaye hakumwambia jina, akamsikiliza kwa adabu nzuri sana, akiandika. Mwisho akasema:

"Tatizo, mama, ni shahidi. Mleteni shahidi aliyeona, aandike kwa mkono wake. Sisi tutaipeleka Dodoma. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuzidi. Na kipindi hicho karakana itabaki imefungwa, maana ni eneo la uchunguzi."

"Kwa nini kufuli likae kwetu, lisikae kwa aliyemvisha?"

Bwana yule akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto mwerevu. Kalamu yake haikuandika hilo.

Nyangi alirudi Musoma giza halijaingia bado. Hezron alikuwa amekaa nje, anajaribu kumenya kiazi. Alikibana kwa gumba na kidole cha mwisho, kiazi kikaruka, akakiokota, kikaruka.

"Wanataka shahidi," Nyangi akasema.

"Boniphace aliona."

"Basi kesho nitamfuata."

"Usimfuate. Atakuja."

Akaokota kiazi tena, akauliza, "Kwani kwenu Mugeta kaka zako bado wana lile shamba la bondeni?"

"Wanalo. Twende tukalime."

"Jembe nitashika na nini, Mama Dorah?"

Nyangi alichukua kiazi akamenya yeye.

*

Boniphace alikuja siku ya sita baada ya hapo, mchana, akakaa chini ukutani ingawa kile kiti chenye mto kilikuwa wazi. Alikuwa amekonda. Wiki ya saba hiyo karakana ina kufuli, na mafundi wanne hawajashika kazi.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Habari za mkeo Boke?"

"Yupo. Mzito." Akachora chini kwa kijiti. "Wamesema hatajifungua kawaida. Ni kupasuliwa. Tarehe wametoa, na karatasi ya vitu vya kununua wametoa."

Nyangi aliitikia kwa kichwa. Karatasi hiyo aliifahamu.

"Fundi, mimi niliona," Boniphace akasema. "Ile ya kulia nilikuvisha mimi. Ukisema niandike, naandika. Hata sasa hivi. Kalamu ninayo."

Na kweli alikuwa nayo, ameichomeka kwenye mfuko wa shati. Ila hakuitoa.

"Ila?" Hezron akauliza.

"Hakuna ila."

"Ipo. Iseme."

"Nikiandika, kufuli linakaa mwaka mzima." Akavunja kijiti. "Mimi sijaja kukuomba kitu, Fundi. Nimekuja kukusalimia."

"Sukari anayo Boke?"

"Sukari anayo."

"Hana," Nyangi akasema. Akaingia ndani, akatoka na ile sukari ya Florian, ilikuwa haijafunguliwa. Akamwekea magotini.

Alipoondoka, Nyangi alimgeukia mumewe. "Najua unachowaza. Usisaini."

"Vidole havirudi."

"Sikuongelea vidole mimi. Ukisaini umewasafisha. Watapita na gari lao hapa mbele na mikono misafi, na wewe ndiye umewanawisha."

"Na Boke?"

"Boke hakukuvisha glavu! Kwa nini mzigo wao wanautua kwa Boke? Kwa nini kila wakikosea wanatafuta mtu mwenye njaa wamweke katikati?"

Jibu la hilo halikuwa kwa Hezron. Lilikuwa Bunda, linakunywa maji ya chupa.

"Wanajua hatuwezi kungoja mwaka," akasema. "Wao wanaweza."

Kesho yake alimpigia Nassibu, Nassibu akampigia Florian, na kabla ya adhuhuri gari lilikuwa mlangoni. Safari hii halikuchelewa. Nyangi alichukua beseni lake la samaki akatoka bila kusalimia mtu.

Fomu iliwekwa juu ya stuli. Hezron alishika kalamu kwa mkono wa kulia, lakini karatasi ilikuwa inateleza, na wa kushoto haukuweza kuituliza. Akaandika herufi ya kwanza, ikakimbia. Florian akainama, akamshikia karatasi kwa vidole vyake vyote kumi.

"Hapo. Taratibu tu. Umefanya jambo la busara, mzee wangu."

Alama ya penseli ilikuwa imeshapitiwa na wino.

*

Kufuli lilitolewa Jumatatu. Boke alipasuliwa Alhamisi, akapata mtoto wa kike, na Boniphace alipita mwenyewe kuleta habari, akimshika Hezron mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, muda mrefu.

Baada ya wiki mbili Hezron alienda karakana kuomba kazi nyepesi. Msasa aliweza. Vanishi aliweza, kopo likiwekwa mezani. Alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia Nassibu tangu nyumbani, na alipofika mlangoni yakampotea yote, kwa sababu ukutani, juu ya msumeno wa pembe, palikuwa na bango lililochapwa vizuri, lina nembo ya Keti Vizuri:

KUTOKANA NA AJALI ILIYOSABABISHWA NA FUNDI KUTOVAA GLAVU, NI MARUFUKU KUTUMIA MASHINE YOYOTE BILA GLAVU. ATAKAYEKIUKA ATAONDOLEWA KAZINI.

Chini ya bango alikuwa amesimama Boniphace. Kazi ya msumeno alikuwa amepewa yeye. Mikono yote miwili ilikuwa ya njano.

"Vua hizo," Hezron akasema.

"Fundi! Karibu. Dada Nyangi hajambo?"

"Boniphace, vua."

Boniphace akaangalia mlangoni, akaangalia barabarani. "Florian anapitaga Jumanne na Ijumaa. Leo Ijumaa."

"Ulikuwepo. Ulinivisha kwa mkono wako, ukaona."

"Niliona, Fundi."

"Sasa?"

"Sasa nifanyeje? Yusufu, aliyechukua randa yangu, alivua, juzi ile, joto tu limemzidi, ameondolewa. Nimewaambia hizi zinavuta. Nimewaambia, wallahi nimejaribu, mimi Msabato nimeapa wallahi. Wakanitolea ripoti. Wamesema ripoti ya mwenye ajali mwenyewe inasema alikuwa hakuvaa."

"Ripoti si niliisaini kwa ajili yako!"

Mafundi wengine waliacha kazi. Boniphace aliinamisha kichwa, na glavu zake zikaning'inia mbele kama mikono ya mtu mwingine.

"Najua kwa nini uliisaini," akasema taratibu. "Ila imeandikwa hivyo, Fundi. Na sahihi ni yako."

Hezron alimsogelea, akashika ncha ya glavu ya kushoto avute, lakini alikuwa ameishika kwa mkono wake mbovu, kwa gumba na kidole cha mwisho, na glavu haikutoka. Boniphace hakuuondoa mkono. Alimwacha avute mpaka achoke.

Nassibu akatoka ofisini. "Fundi, twende nje kidogo."

"Bosi, waambie."

"Nawaambia wakate polepole."

"Glavu haijui polepole."

"Twende nje." Akamshika kiwiko, kwa upole, kama mtu anayemtoa mlevi msibani. Walipofika barabarani akasema bila kumtazama: "Kazi ya msasa nimeshampa mtu. Na ukija hivi unawatia vijana woga. Mtu akishakuwa na woga kwenye mashine ndiyo anaumia, si unajua mwenyewe? Pumzika nyumbani, mura."

Akarudi ndani, akavuta mlango wa bati.

Hezron alivuka barabara. Hakwenda nyumbani. Alisimama ubavuni mwa duka la vifaa vya pikipiki, uso ameuelekeza kwenye banda. Gari la mradi likapita, likapunguza mwendo pale karakana, mtu mmoja ndani akainua kidole gumba, likaendelea.

Msumeno ukawaka. Ukaingia kwenye ubao, mlio wake ukashuka, ukapanda tena, ukanyamaza. Hezron alingoja kelele ya mtu. Haikutoka. Alisikia ubao ukitupwa kwenye rundo, na mwingine ukiburutwa juu ya meza.

Msumeno ukawaka tena.